Boneti imejaa vidoa vya mawe? Usikubali kupigiwa rangi nzima

Barabara ya Dar-Morogoro ndo imenifunza hii kazi. Unajikuta nyuma ya lori, kokoto inaruka, ta! ukifika nyumbani ukiangalia boneti unakuta vidoa vidoa. IST yangu ilikuwa navyo saba, kikubwa kabisa kama punje ya mchele. Nikaenda kwa fundi akaniambia tupige boneti yote. Jamani, kwa punje ya mchele? Na boneti ikishang'aa peke yake utaambiwa na fenda nazo zifuate, hapo ushaingizwa mjini.

Kwanza ujue namba ya rangi yako. Toyota nyingi zinazotoka Japani zina kibati kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tafuta palipoandikwa C/TR, namba inayoanza ndo ya rangi. Yangu ni 1F7. Usiende dukani ukasema tu "nipe silva", silva zipo kibao. Na kama gari lako ni jeupe lile la kumeta kama lulu, mfano 070, zile zina tabaka mbili za rangi kabla ya klia (ile ya juu kabisa isiyo na rangi, ya kung'arisha), hiyo mi hata sijaribu, nampa fundi.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilitumia kile kibrashi cha kwenye kifuniko cha kichupa cha rangi, punje ya mchele ikawa kunde, tena imetuna kama chunjua. Nikakurupuka kufuta na thina, kumbe boneti ilishawahi kupigwa rangi kabla sijainunua, thina ikala mpaka rangi ya pembeni!! Nilikaa chini kabisa.

Siku hizi natumia kijiti cha meno. Naosha na sabuni, nakausha, nafuta na spiriti kutoa waksi, kama kuna kutu naikwangua kidogo na ncha ya msasa mpaka bati lionekane halafu natonesha praima, ile rangi ya chini. Gari liwe kivulini, boneti ya moto rangi inakauka kabla haijatulia. Tikisa kichupa sana maana chenga za silva zinalala chini, chovya ncha tu, gusa katikati ya kidoa uiache itambae yenyewe. Itaonekana haijajaa, sawa tu, subiri ikauke urudie, mi huwa narudia mara tatu au nne kwa sababu rangi ikikauka inanywea. Mwisho klia, hivyo hivyo kwa kijiti.

Ikituna kidogo usihangaike nayo siku hiyo. Iache wiki, halafu msasa wa maji namba 2000 na maji ya sabuni, taratibu, pale palipotuna tu, umalizie na kampaundi, ile dawa ya kusugulia rangi ing'ae. Ukiinama karibu utaviona, ukisimama hatua mbili huvioni.

Vile vya kwenye bampa nimeviacha. Bampa ni plastiki haishiki kutu, na Jumatatu narudi tena Moro.