Ukishanunua pikipiki iliyotumika, ilaze usiku mmoja kwanza

Niliinunua Magongo, hapa Mombasa, saa kumi jioni, jua bado kali. Boxer 150 nyeusi, imepigwa polishi hata ukitazama tangi unaona meno yako. Mwenyewe aliipiga kiki mara moja tu, ikaitika. Nikasikiza: imetulia, haigongi popote. Nikamhesabia shilingi 78,000, nikaipanda hadi Kisauni na furaha ya mtoto siku ya Idi.

Asubuhi yake nilipiga kiki mara kumi na nne.

Ndipo nikakumbuka kwamba jana nilipoisogelea, goti liligusa injini nikaruka kwa moto. Mtu kaniambia pikipiki haijatoka nyumbani tangu juzi, na injini inachoma! Aliizungusha kabla sijafika. Injini ikiwa moto petroli hugeuka mvuke upesi, na hata plagi iliyochoka huonekana nzima. Kwa hivyo wewe ambaye pesa zishatoka mfukoni, usikimbilie kuipeleka Mtwapa kuonyesha mashemeji. Ilaze usiku kucha. Asubuhi weka kiganja kwenye silinda uhakikishe ni baridi, halafu mtu mwingine aiwashe na wewe usimame nyuma, macho kwenye eksozi.

Moshi wa buluu unaotoka dakika ya kwanza kisha ukakatika, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka: oili imechuruzika taratibu usiku ikaingia kwenye silinda. Hiyo unaweza kukaa nayo huku ukiweka pesa. Buluu isiyokoma, inayozidi kila ukivuta mafuta, ni ringi au silinda yenyewe, na hapo jiandae. Moshi mweusi ni petroli kuzidi hewa. Anza na filta ya hewa na kabureta. Mvuke mweupe unaopotea mara moja ni unyevu tu, nao hapa kwetu haukosekani. Yangu ilitoa buluu, ikakoma. Plagi nilipoifungua ilikuwa nyeusi na imelowa oili, na hizo kiki kumi na nne zikapata maelezo.

Nikampelekea fundi wangu Kongowea, mtu mzima, sote twamwita Mzee. Nikaanza kumsimulia. Akaninyamazisha kwa mkono. "Mwanangu, kabla hujanieleza chochote, mwaga oili."

Kama kuna kitu kimoja utakachofanya katika haya yote, kiwe hiki. Tuliiwasha dakika tano oili ipate joto, tukafungua bolti ya chini, tukakinga kwa beseni safi. Safi kweli, si lile lenye mabaki ya oili za watu wengine, maana utasoma ugonjwa wa jirani. Oili ilishuka polepole kama asali. Mzee akaipima kati ya vidole viwili, akacheka. "Umeuziwa kimya." Mtu alimimina oili nzito kupita kiasi, labda na dawa ya kuongeza uzito juu yake, ili kelele za ndani zizibwe siku mbili tatu za mauzo.

Tukaichuja kwa kitambaa cheupe. Mzee ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika kuukuu. Akaipitisha pale juu ya kitambaa. Ukiona tope laini la kijivu limeshika sumaku, usihofu, hilo ni la klachi na giya kusagana kila siku. Kinachotisha ni vipande unavyoweza kuviokota kwa ukucha. Vyangu vilikuwa vitatu, vyembamba, vinang'aa kama magamba ya dagaa, na sumaku ilipita juu yake bila kuvishika. Basi si chuma, ni aluminiamu. Kwenye injini aluminiamu hutoka kwenye pistoni au kwenye kava. Mzee akatia oili mpya ya 20W-50, akaiwasha, na ile injini tulivu ya Magongo ikaanza kusema: chaka-chaka-chaka, kama mtu anatingisha funguo ndani ya mkebe. Cheni ya ndani, ile ya taimingi, ilikuwa imelegea hadi inasugua ukuta wa kava. Ingekatika njiani, valvu na pistoni zingeweza kugongana na injini yote kwisha. Tulibadilisha cheni na kikazo chake siku hiyohiyo.

Na oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Boxer hupozwa kwa upepo, haina maji yake yenyewe, kwa hivyo aghlabu yametoka nje: imevushwa kwenye mafuriko, au imeoshwa kwa mpira wa presha ukaelekezwa pasipofaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndugu zetu wa bara hawalijui vizuri: chumvi. Pikipiki iliyolala miaka karibu na bahari, au iliyokuwa ikivuka Likoni asubuhi na jioni, huliwa kutoka mahali usipotazama. Ondoa kiti. Ondoa tangi ukiweza, ni bolti chache tu. Tazama fremu pale tangi lilipoketi. Rangi mpya kwenye fremu kuukuu ni ya kushukiwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi usikilize kama mlio ni uleule kote. Chomoa viungo vya waya uone kama shaba imeota ukijani, kwa sababu taa zinazowaka na kuzima zenyewe mara nyingi huanzia hapo. Kisha pitisha kidole kwenye zile nguzo zinazong'aa za shokomzoba za mbele. Ukihisi vichunusi, ni kutu, na kila shimo likipita linakwaruza sili hadi oili ivuje. Kuweka sili mpya juu ya nguzo yenye mashimo ni kumtajirisha fundi.

Tangi vilevile. Chota petroli kidogo kutoka chini, itie kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, iache nusu saa. Maji hukaa chini ya petroli, utayaona yamejitenga, na kutu itatua kama unga wa pilipili.

Kama ilikuwa ya boda, tafuta nyufa kwenye maungio ya keria. Wajua wenyewe mishikaki ya watu watatu na gunia la mkaa. Yangu ilikuwa imechomelewa mara mbili, na mchomeleaji wa pili alimzidi wa kwanza kwa ubaya. Mileji ilisema kilomita 12,000, ilhali mpira wa kukanyagia ulikuwa laini kama kipande cha sabuni. Nikashika mpira, mileji nikaiacha na hadithi zake. Waya wa mita hukatwa na mtu yeyote mwenye koleo.

Stelingi niligundua mwenyewe, kwenye mteremko wa feri, polepole, mguu mmoja chini. Ilikuwa inajirudisha katikati, kama inanasa kwenye kishimo. Ukiwa nyumbani, iweke kwenye stendi kubwa, mtu akandamize nyuma gurudumu la mbele liinuke, uzungushe usukani kwa vidole viwili. Ikinasa katikati, beringi zimechimba vikombe vyake. Hapohapo shika gurudumu uvute kushoto na kulia, lisicheze.

Cheni ya nje: ivute kwa nyuma kutoka kwenye spoketi. Ikiinuka hadi ukaona nusu ya jino, au meno yamepinda kama pezi la papa, nunua seti nzima, usichanganye kipya na kikuukuu. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Langu la nyuma lilikuwa na mifereji mizuri tu, lakini mpira umekauka na kupasukapasuka.

Karatasi ndizo ningezitanguliza kabla ya kutoa hata shilingi. Futa uchafu, soma nambari ya chasisi na ya injini, linganisha na logibuku, ile hati ya umiliki, herufi kwa herufi, uone kama pamepitishwa tupa. Uhamisho wa umiliki wa NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, ufanyike kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, muuzaji akiwa mbele yako na simu mkononi, maana yeye ndiye anayeuanzisha. Wangu nilimfukuzia majuma matatu.

Pesa zangu hazikutosha vyote. Nilimaliza cheni ya taimingi kwa sababu isingengoja, nikafuata breki, stelingi na tairi la nyuma, kisha fremu kwa mchomeleaji wa kweli. Sili za valvu bado. Kila asubuhi inatoa kile kimoshi chake cha buluu, mama wa nyumba ya pili anafunga dirisha, nami namwomba radhi kwa mkono nikitoka.