Nyuso hizo zimefichwa na nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, mwaka wa tatu, niko Dodoma. Naandika kwa Kiswahili ripoti ya mradi wangu wa kuchora maumbo ya vipimo vitatu. Nimeandika: "Programu hufanya uondoaji wa nyuso zilizofichwa ambazo haziwezi kuonwa na kamera." Mwenzangu anasema iwe "zilizojificha". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako tummalize kwanza. Anayejificha ni mdaiwa akisikia hodi. Uso wa mchemraba hauna deni la mtu.

Sasa wewe. Nina kiberiti hapa mezani. Kina nyuso sita, na nikifumba jicho moja (kamera nayo ina jicho moja), nikigeuze nitakavyo, sioni zaidi ya tatu kwa mpigo. Hizo nyingine nani kazificha? Hakuna. Zimenipa kisogo tu. Nikisimamisha kikombe mbele ya kiberiti, hapo ni habari nyingine: kikombe kimeziba. Ukisimama mbele ya televisheni wakati wa mpira hutaambiwa "unanificha", utaambiwa "unaniziba, toka!" Kwa hiyo una nyuso zilizokupa kisogo na nyuso zilizozibwa, na programu huzishughulikia kwa njia mbalimbali. Za kwanza hutambuliwa kwa mwelekeo wake. Za pili hutambuliwa kwa umbali: kila nukta ya skrini hukumbuka kilicho karibu zaidi, na kinachokuja nyuma yake hukataliwa. Njia hiyo mtaalamu wa michoro ya kompyuta, Edwin Catmull, aliieleza katika tasnifu yake ya 1974, Chuo Kikuu cha Utah, Marekani.

"Ficha" lenyewe halina kosa, ni la Kibantu hasa. Wakikuyu wana "hitha", Wakamba "vitha". Lakini ukiliambika "-wa" linadai mfichaji.

Kilichoniharibia chai ni hilo "haziwezi kuonwa". Ugonjwa huu sasa umejaa kwenye simu na kompyuta: "Faili haliwezi kufunguliwa", "Picha haiwezi kupatikana". Kila neno la Kiswahili, sentensi nzima mgeni asiye na kibali. Marehemu mama yangu alikuwa na mlango wa stoo uliokuwa ukivimba kila masika. Sikumsikia hata siku moja akisema "mlango huu hauwezi kufunguliwa". Alisema "haufunguki", akaupiga teke, ukafunguka. Chai iliyoungua hainyweki. Ugali mbichi hauliki, barabara ya tope haipitiki, mwandiko wa daktari hausomeki, na mtoto mkaidi haambiliki. Hebu mwambie bibi yake kwamba mtoto "hawezi kuambiwa". Atadhani amekuwa kiziwi. Tumepewa kiambishi "-ka" ya kubeba mzigo wote huo, sisi tunaiacha uani tunakwenda kuazima "haiwezi" na "-wa" kwa jirani!

Nakubali kuna mahali inakwama. "Ujumbe hautumiki" utaeleweka kwamba hauna kazi. Lakini hata hapo dawa si "hauwezi kutumwa". Kila aliyeishiwa bando husema "meseji haijaenda", na ameeleweka.

"Hufanya uondoaji" sitaligusa, nina shinikizo la damu. Andika "huondoa". Tena, ukinibana, nitakwambia hakuna kinachoondolewa: zungusha umbo lako uone kama uso haukurudi. Kinachofanyika ni kutouchora. Lakini leo nimekwishapigana vya kutosha, "kuondoa" libaki.

Andika hivi: "Programu huondoa nyuso zisizoonekana." Kumi na moja yamekuwa manne. Unapoeleza njia zenyewe ndipo utenganishe zilizozibwa na zilizotoa kisogo. Kamera usiitaje hapo. Nani mwingine angeziona?