Maswali ya Wasomaji: Nakala ya Kila Barua Inayotoka

SWALI: Nasimamia seva ya barua pepe ofisini kwetu, tunatumia Postfix. Niliagizwa kila barua inayotumwa na idara ya mauzo iingie nakala kwenye kisanduku kimoja cha kumbukumbu. Niliweka mpangilio wa always_bcc, lakini sasa kisanduku kinapokea hata barua za watu wa nje wanaotuandikia, na nyingi zinaingia mara mbili. Nifanyeje? – Msimamizi wa seva

JIBU: Ndugu msimamizi, futa always_bcc leo hii. Mpangilio huo haubagui: kila barua mpya inayoingia kwenye Postfix, iwe inatoka au inakuja, hunakiliwa. Na kwenye Postfix ya zamani, kabla ya toleo la 2.3, kulikuwa na hatari kubwa kuliko kisanduku kujaa. Nakala ikikataliwa, taarifa ya kushindwa ilirudi kwa mtumaji. Kwa hiyo mteja wa nje angeweza kuletewa anwani ya kisanduku chako cha siri bila wewe kujua.

Unachohitaji ni sender_bcc_maps, ambayo imo tangu Postfix 2.1. Ndani ya main.cf, faili kuu la mipangilio ya Postfix, andika:

sender_bcc_maps = hash:/etc/postfix/nakala

Kisha katika faili hilo la nakala weka anwani ya mtumaji, nafasi, halafu anwani ya kumbukumbu:

mauzo@ofisi.example kumbukumbu@ofisi.example

Kila mfanyakazi wa idara apewe mstari wake. Ukitaka kikoa kizima, anza mstari na @ofisi.example. Endesha postmap hash:/etc/postfix/nakala ili faili ligeuzwe jedwali ambalo Postfix husoma, halafu postfix reload. Baadhi ya mifumo mipya ya Linux imeacha aina ya jedwali iitwayo hash. Amri ya postconf -m itakuonyesha zilizopo, na mara nyingi lmdb itakufaa; iandike mahali pa hash.

Kuhusu barua kuja mara mbili, nashuku una programu ya kuchuja virusi au barua taka. Barua huingia Postfix, hupelekwa kwenye kichujio, kisha hurudi Postfix kupitia mlango (port) mwingine, mara nyingi 10025, na kila inapoingia huongezewa nakala. Fungua master.cf, faili linaloorodhesha huduma za Postfix, tafuta mlango huo wa kurudia, na chini yake ongeza:

-o receive_override_options=no_address_mappings

Kama hapo tayari pana receive_override_options, ongeza neno hilo kwenye orodha iliyopo, ukitenganisha kwa mkato. Tafadhali usiliweke pia kwenye mlango wa kwanza. Likikaa pande zote mbili, nakala hazitatoka kabisa, na lakabu zako za virtual_alias_maps nazo hazitafanya kazi.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliangalii. Postfix hulinganisha anwani iliyo kwenye bahasha, yaani ile inayotajwa katika MAIL FROM, wala si ile msomaji anayoiona kwenye mstari wa From. Mfanyakazi akibadilisha anwani ya mtumaji katika programu yake, barua yake inapita bila nakala. Kama kumbukumbu hizi zina uzito kwenu, funga mwanya huo: oanisha majina ya kuingilia na anwani kwa smtpd_sender_login_maps, kisha tumia reject_authenticated_sender_login_mismatch kwenye mlango wa wafanyakazi. Barua anayoituma kupitia seva ya kampuni nyingine hutaipata kwa njia yoyote ya Postfix. Hilo limweleze aliyekuagiza mapema.

Mwambie pia kwamba nakala haionyeshi wapokeaji waliofichwa. Postfix huondoa kichwa cha Bcc kabla barua haijaendelea, kwa hiyo ukisoma kumbukumbu utawaona wa To na Cc tu. Waliofichwa utawapata kwenye logi ya barua, kwa kufuata namba ya foleni ya barua hiyo. Kwa sababu hiyo logi zihifadhiwe muda uleule mnaohifadhi nakala. Zikifutwa kila wiki, nusu ya ushahidi imepotea.

Mwisho, nakusihi kwa dhati: wenzako wa mauzo waelezwe kabla hujawasha. Ni barua zao, na humo mna mambo ya wateja waliowaamini. Mkubaliane kwa maandishi nani ana nywila ya kisanduku hicho na nakala zitafutwa lini. Kisha jaribu kwa barua tatu: moja ya kutoka mauzo, moja ya idara nyingine, moja kutoka nje. Kisanduku kikipata ile ya kwanza peke yake, tena mara moja, umemaliza.