Homa ya uti wa mgongo: mgonjwa kupata nafuu si sababu ya kuacha sindano

Mleta mada, pole sana kwa kuuguza. Naanza na jibu, maelezo yatafuata: msimtoe hospitalini.

Umesema mdogo wako amelazwa Mtwara kwa homa ya uti wa mgongo, leo siku ya nne, ameanza kunywa uji na kuwatambua watu. Wazee wanataka aruhusiwe akamalizie vidonge nyumbani kwa sababu msimu wa korosho umeanza na hakuna wa kushinda naye wodini. Na kuna mchangiaji hapo juu amekwambia mnunue azithromaisini, vidonge vya kuua bakteria, duka la dawa, maana "dawa ni dawa tu". Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi za Lindi na kabla ya hapo Masasi kwa miaka mingi, na hiyo "dawa ni dawa tu" ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Ugonjwa huu unakaa kwenye utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo, na dawa kuwemo kwenye damu ni jambo moja, kufika huko ni jingine. Sehemu nyingi za mwili, mishipa midogo ya damu ni kama gunia la katani: linashika korosho, lakini maji na vumbi vinapita. Ya ubongo haiko hivyo. Seli za kuta zake zimebanana bila kuacha upenyo, na kwa nje zimezungukwa na seli nyingine zinazoulinda ukuta huo. Sukari ina njia yake maalumu ya kuvukia. Pombe na nikotini vinapenya vyenyewe, ndiyo maana mtu analewa. Lakini dawa nyingi za kuua bakteria hazina njia, na zikipita kidogo zinakutana na pampu zilizomo ukutani zinazozirudisha kwenye damu. Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo nayo yana kizuizi chake dhidi ya damu, na tabia yake inafanana na hicho.

Jambo hili si geni. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich aliwachoma wanyama rangi kwenye damu, viungo karibu vyote vikapata rangi, ubongo ukabaki vilevile. Yeye alidhani ubongo haushiki rangi tu. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann, mwaka 1913, akaiingiza rangi moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Ubongo ukaishika vizuri, safari hii mwili mwingine ndio ukabaki bila rangi. Kumbe katikati kuna kizuizi.

Aliyeuliza "mbona Piriton inalaza mtu kama dawa haziingii kichwani?" ameuliza vizuri. Piriton inavuka, na usingizi unatokana na hilo. Setirizini ni ya mafua na mzio vilevile, lakini inavuka kidogo mno, kwa hiyo wengi wanaimeza na kuendelea na kazi. Loperamaidi, ile ya kuzuia kuhara, ni ya ukoo mmoja na mofini, ile dawa kali ya maumivu, ila kwa kipimo cha kawaida hailevyi kwa sababu zile pampu zinaitoa kabla haijakaa. Kwa hiyo ukiambiwa dawa fulani ni "kali", swali la kuuliza ni kali wapi.

Sasa turudi kwa mdogo wako. Bakteria wakishaingia kwenye utando wa ubongo, panavimba, na uvimbe huo unalegeza kizuizi. Ni hatari, kwa sababu ubongo unajaa maji, lakini ndiyo pia inayoipa dawa nafasi ya kupita. Seftriaksoni, ile sindano ya kuua bakteria, kwa mtu mzima mwenye nimonia mara nyingi ni gramu 1 au 2 kwa siku. Kwa homa ya uti wa mgongo ni gramu 2 kila baada ya saa 12. Watu wanadhani tunapewa amri ya kumaliza stoo! Hapana. Hata utando ukiwa umevimba sana, kinachofika kule ni sehemu ndogo ya kile kilichomo kwenye damu, kwa hiyo inabidi damu ijae dawa ili ile sehemu ndogo itoshe kuua.

Na hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza. Siku ya tatu, ya nne, homa inashuka, shingo inalainika, mgonjwa anauliza habari za shamba. Uvimbe unapungua. Ukipungua, kizuizi kinaanza kubana tena, na dawa inayopita inakuwa ndogo kuliko ya siku ya kwanza. Yaani kadiri anavyopona ndivyo dawa inavyopata shida zaidi kuingia, na huenda bakteria hawajaisha. Ndiyo maana kipimo hakipunguzwi katikati na sindano haibadilishwi kuwa vidonge kwa vile tu mgonjwa amekaa kitandani mwenyewe. Azithromaisini ya kumeza haifiki kwenye yale maji kwa kiwango cha kutibu ugonjwa huu. Jenta (jentamaisini) nayo, sindano ambayo watu huenda kuchomwa mtaani, inapita kwa shida. Siku za matibabu zinategemea mdudu, yaani aina ya bakteria: meningokoka kwa kawaida siku 7, nimokoka siku 10 hadi 14.

Najua wodini kunachosha. Nimewaona ndugu wakipanga chupa tupu za seftriaksoni dirishani na kuzihesabu, mbili asubuhi, mbili usiku, na mkono umevimba penye kanula, ile mirija midogo ya kupitishia dawa kwenye mshipa. Nimeona pia wodi ambako dawa iliisha na ndugu wakapewa karatasi wakanunue nje, na hapo ndipo neno "tumtoe" linapoanza. Likitokea, ongea na nesi wa zamu au daktari wazi kabisa kwamba hela imeisha, uulize ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Msiondoke kimya usiku. Kuhusu korosho, gaweni zamu. Mtu mmoja wa kulala naye anatosha, na mara nyingi jirani wa kitanda cha pili atakusaidia kumwangalia ukienda kuoga.

Umegusia pia kwamba wazee walikataa atolewe maji ya kupima mgongoni mpaka mjomba aje. Hofu hii ipo Lindi nzima na Mtwara nzima: kwamba ukichomwa mgongo unapooza au unakufa. Kwa mtu mzima uti wa mgongo unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano inachomwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali penye maji na mishipa ya fahamu inayoelea. Mgonjwa analala ubavu, amejikunja magoti yaguse tumbo, na tunasubiri matone. Yakiwa maangavu kama maji safi tunapumua kidogo, yakiwa na ukungu daktari hasubiri maabara, dawa inaanza. Waliokufa baada ya kipimo wengi walichelewa kuja. Kichwa kuuma baadaye kupo, hilo sitakuficha.

Kuna mwingine ameandika kwamba mtoto wake mwenye malaria ya kichwani alinyimwa deksa (deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe) wakati jirani mwenye homa ya uti wa mgongo alipewa. Si upendeleo. Kwenye malaria kali vimelea haviingii ndani ya ubongo. Chembe nyekundu za damu zilizobeba vimelea zinanasa kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, kwa upande wa damu, kizuizi kinaanza kuvuja na ubongo unavimba. Adui yuko kwenye damu, kwa hiyo sindano ya atesuneti inamkuta palepale. Deksa ilijaribiwa kwa wagonjwa wa namna hiyo Thailand, matokeo yakatolewa 1982: waliopewa walikaa kwenye koma muda mrefu zaidi. Kwenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na TB mambo ni kinyume, utafiti wa Vietnam wa 2004 ulionyesha inapunguza vifo. Na kwenye ile ya bakteria kama ya mdogo wako, Malawi waliijaribu kwa watoto (2002) na watu wazima (2007) wasione faida, ingawa Ulaya waliona. Kwa hiyo ukikuta madaktari wawili wanatofautiana juu ya deksa, wala usishangae.

Hiyo ya TB nayo, kwa aliyeuliza: mtu mzima hutibiwa kama mwaka mzima wakati ya mapafu ni miezi 6. Kati ya dawa za TB, isoniazidi na pirazinamaidi zinavuka vizuri, rifampisini kwa kiasi, ethambuto kidogo tu.

Mambo mawili ya kufanya kabla hamjaruhusiwa. Kwanza, ombeni masikio yapimwe, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuua usikivu na mgonjwa asiseme, hasa mtoto. Pili, ulizeni mdudu aliyepatikana ni yupi. Kama ni meningokoka, ninyi mnaolala naye chumba kimoja huenda mkapewa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, kwa mtu mzima ni kidonge kimoja tu cha miligramu 500, mara moja basi. Msije mkasema "mbona sisi kidonge kimoja na yeye sindano wiki nzima". Kwenu huyo mdudu, kama yupo, anakaa kooni, na kooni dawa inafika bila kuvuka kizuizi chochote. Kama ni nimokoka, hamna haja ya kumeza kitu.