Usisubiri mtoto akue ndipo umjue

Ndugu uliyeuliza kama yafaa usubiri mwanao wa miezi minne afikishe miaka miwili ndipo uanze kwenda kumwona, kwa kuwa wewe na mama yake mmeachana na mtoto "ni wa kunyonya na kulala tu", jibu langu ni hapana, nami nalitoa kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Binti yangu alizaliwa Muheza, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, nami nikiishi Ngamiani, hapa Tanga mjini. Safari yenyewe haifiki kilomita 40, lakini nilijiridhisha kwamba nikituma matunzo kwa simu kila mwisho wa mwezi wajibu umekwisha. Nilikwenda kwenye arobaini, nikaenda tena mara moja, kisha nikasingizia kazi, ingawa kwa hakika nilikuwa nayakwepa macho ya wakwe. Niliporudi, mtoto alikuwa na miezi minane. Bibi yake alinikabidhi. Mtoto akanitazama usoni, akautazama mkono wangu uliomshika kiunoni, midomo ikaanza kumtetemeka, akaangua kilio kilichowaleta majirani uani. Yule mama akamchukua, akamfunga mgongoni kwa kanga, akaniambia kwa upole, "Hajakukataa, baba. Hakujui tu."

Umri huo ndio watoto wengi huanza kuwaogopa wasiowazoea. Miezi unayoidharau ndiyo mtoto anayozoea sauti yako, harufu yako na namna unavyompakata, na fedha ya simu haina harufu.

Nilikubaliana na mzazi mwenzangu siku mbili kwa wiki, Jumatano jioni na Jumapili asubuhi, nikazishika hata masika yalipochachamaa. Mwanzoni sikumbeba kabisa. Nilikaa mkekani nikigonga kifuniko cha sufuria mpaka yeye mwenyewe akatambaa kukifuata. Wiki ya tatu nilikabidhiwa beseni. Mtoto mwenye sabuni huteleza kama samaki, na siku hiyo nililowa kuliko yeye, huku bibi akicheka mlangoni bila kunisaidia, jambo ambalo namshukuru hadi leo.

Kwako wewe kazi ni nyepesi zaidi, maana mwanao bado hachagui mikono. Fika akiwa ameamka na ameshiba, umweke begani mpaka abeue, umbadilishe nepi, uzungumze naye. Usiombe kuondoka naye siku nzima, kwa sababu hadi miezi 6 anapaswa kupata maziwa ya mama pekee, bila hata maji. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimekwisha kupita, lakini ya surua ya miezi 9 ipo mbele: fuatana nao kliniki, na kadi uibebe wewe.

Umeandika pia kwamba kaka wa mama mtoto anadai huna haki yoyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto ya kupata matunzo na ya kumtembelea mzazi asiyeishi naye. Hata hivyo, usiende kudai kumchukua, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama yake. Mkishindwa kuelewana, yupo afisa wa ustawi wa jamii. Lakini mimi ningeanza na bibi. Nenda Jumapili hii, umevaa shati usilolionea uchungu likicheuliwa maziwa.