Vifaa Visiamke Pamoja

Mama mmoja wa Isevya alinipigia alfajiri: "Mwanangu, tangi linamwagika, na simu inaniambia limefika nusu." Nilipofika, maji yalikuwa yanatiririka ukutani mpaka kwenye matuta yake ya mchicha. Kipima maji nilichomfungia kilikuwa kizima na kilikuwa kinatuma. Ujumbe ndio haukufika.

Nilikuwa nimefunga vipima 40 hapa Tabora, Isevya, Ipuli na Cheyo, vyote vikituma kwa LoRa, redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, kwenda kipokezi kimoja, chaneli moja, kila dakika 10. Usiku ule umeme ulikatika, ukarudi. Vikawaka pamoja, na tangu hapo vikawa vinasema pamoja, kama kikao cha ukoo kisicho na mwenyekiti. Kipokezi kiliambulia matangi mawili matatu ya jirani, yenye mawimbi ya nguvu, mengine yakamezwa. Nilikuwa nimeviagiza virudie baada ya sekunde 5 visipojibiwa. Vikarudia vyote, baada ya sekunde 5.

Kwa hiyo ukifunga mtandao kama huu, kila kifaa kikiwaka kisubiri muda wa nasibu kabla ya kusema, na muda huo utawanywe katika dakika 10 zote. Kisipojibiwa, kisubiri tena kwa nasibu, na kila kikikosa jibu, upana wa kusubiri uongezeke maradufu. Hapa kuna mtego ulionipotezea siku mbili: programu ikianza kuzalisha namba za nasibu kutoka namba ileile ya mwanzo, vifaa vyote 40 huchagua muda uleule. Anzisha kila kimoja kwa namba yake ya kiwandani.

Kisha fupisha ujumbe. Mimi nilikuwa natuma jina la mwenye tangi, mtaa na maneno "maji yamefika nusu". Sasa natuma baiti chache tu, jina linajazwa kwenye kompyuta. Na usiweke kila kifaa SF12, mpangilio wa LoRa wa polepole unaofika mbali zaidi, eti kifike mbali. Kwa SF12 ujumbe mfupi unakaa hewani kama sekunde moja na nusu. Kwa SF7, mpangilio wa kasi, hauchukui hata sehemu ya kumi ya sekunde. Piga hesabu: vifaa 40 kwa sekunde 1.5 ni sekunde 60 katika kila 600. Hiyo asilimia 10 inaonekana ndogo, lakini hata ukitawanya vizuri, karibu ujumbe mmoja katika sita utagongana na mwingine. SF12 waachie walio mbali kweli.

Mipaka hii inajulikana tangu mtandao wa ALOHA wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ulioanza kazi 1971 chini ya Norman Abramson. Kila mmoja akituma anapotaka, chaneli haifanyi kazi yenye faida zaidi ya asilimia 18.4 ya muda wake. Mwaka 1972 mtaalamu wa mitandao Lawrence Roberts alipendekeza muda ukatwe vipande na kila mtu aanze mwanzoni mwa kipande. Kiwango kikapanda hadi asilimia 36.8. Ni njia nzuri, ila inataka saa zinazokubaliana, na saa za vifaa vya bei nafuu hupishana hata sekunde nzima kwa siku.

Siku hizi kabla ya kwenda kufunga, navipanga vipima mezani kwenye ekstensheni moja, nazima, nawasha, nakaa kutazama taa zao. Zikiwaka kwa mkupuo, hakuna kinachotoka. Zikimetameta moja moja, bila mpangilio, napakia kwenye pikipiki.