Shangazi, mume anataka mkorosho, mimi nataka asumini

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka sita kwenye ndoa, tunaishi Tanga. Mwaka huu tumemaliza nyumba na ukuta, na mbele ya dirisha la chumbani umebaki uwanja wa hatua kumi kwa nane. Tangu nikiwa mdogo kwa bibi yangu Pangani, nimetamani asumini yangu mwenyewe. Mume wangu kwao Newala. Baba mkwe alifariki mwaka jana, na mavyaa alipokuja kututembelea alileta mbegu za korosho amezifunga kwenye pindo la kanga, zimetoka kwenye mkorosho wa marehemu. Mume akasema hapo utapandwa mkorosho, maua hayaliwi. Nami kwa hasira nikamwambia mikorosho ni ya shamba, sisi tunakaa mjini. Hii ni wiki ya tatu tunaongea habari za umeme na maji tu. Mbegu ziko juu ya kabati. Tuna ekari moja Mkinga, haijalimwa, lakini hataki hata kuisikia. Nifanye nini? — Mwenye Uwanja, Tanga*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la "mikorosho ni ya shamba". Hukuutukana mti hapo, umemtukana mtu kwao. Newala korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo nguo ya sikukuu. Unakumbuka 2018, wanunuzi walipotoa bei ya kuchekesha na serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo? Huku kwetu ilikuwa habari ya redio. Kule watu walikuwa wanahesabu kama mtoto atarudi shule Januari au atabaki nyumbani. Sasa mtu kazikwa mwaka jana, mjane wake kasafiri na mbegu kwenye pindo la kanga kutoka kusini mpaka Tanga, nawe ukazipa jina la ushamba. Ningekuwa mimi ningenuna wiki nne.

Yeye naye "maua hayaliwi" yake haina miguu. Kwani alipokuoa hakukuta kikuba, lile shada la maua ya kunukia, kitandani? Asumini, mrihani, langilangi na waridi, yote hayaliwi, na hakuna bwana harusi niliyewahi kumsikia akilalamika. Mombasa na Unguja wapo wanawake wanaotunga vikuba na kuviuza, na hela wanayopata inanunua unga kama hela ya korosho.

Haya, tuje kwenye uwanja wenyewe. Tafuta kamba ya mita sita. Chomeka kijiti katikati ya uwanja, funga kamba, ushike ncha ya pili na uzunguke. Mikorosho shambani huelekezwa iachane mita 12, kwa hiyo duara hilo la kamba ndilo nafasi ya mti mmoja. Kwa vipimo ulivyonipa, utagonga ukuta kabla kamba haijakaza, upande wa pili utaingia chumbani, na ukiendelea utatokea uani kwa jirani. Mkorosho haupandi juu ukanyooka kama mnazi. Unatambaa, unainamisha matawi mpaka chini. Brazil, ambako ndiko asili yake kabla Wareno hawajauleta pande zetu, upo mmoja karibu na mji wa Natal ambao matawi yake yaligusa ardhi yakatoa mizizi na kuendelea, mpaka mti mmoja umefunika eneo la kama uwanja wa mpira. Wako hautafika huko, lakini tabia ni hiyo hiyo.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Nilipohamia nyumba yangu ya kwanza nilipanda mkorosho hatua nne kutoka dirishani, kwa uchu wa kivuli. Miaka michache nikauona umelalia bati. Msimu ukifika mabibo yanadondoka usiku, pwaa, pwaa, unashtuka ukidhani mwizi. Asubuhi uwanja mzima unanuka pombe, nzi wamejaa, na bibo likiangukia shuka kwenye kamba, doa lake utazikwa nalo. Watoto wa mtaa wakawa wanaruka ukuta. Mmoja akaitia meno korosho mbichi na ganda lake. Lile ganda lina mafuta yanayounguza, na midomo ya yule mtoto ilibabuka nikashindwa kumtazama mama yake usoni. Na sijakuambia habari ya ubwiriunga. Ule ugonjwa wa unga mweupe ukiingia kwenye maua, huvuni kitu mpaka upulize salfa. Sasa nani atapuliza salfa mbele ya dirisha la chumbani? Niliukata, na nililia siku niliyoukata.

Asumini haina makuu. Omba tawi la urefu wa kiganja kwenye mti wa mtu unayemjua, likate chini ya kifundo, toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wa mchanga na samadi, uweke kivulini na uumwagilie. Likishashika, lihamishie juani. Hata debe la zamani linalitosha. Kila baada ya kutoa maua, lipogoe bila huruma, maana maua huja kwenye vichipukizi vipya, na asumini ya kuonewa huruma inabaki majani.

Ila sikufichi, ni mti wa kudeka. Mkorosho ukishajishika unavumilia kiangazi na mchanga mkavu, nawe umelala zako. Asumini itakutaka kila jioni na ndoo, na Tanga maji yenyewe mnayajua. Na ua lake halingoji. Unachuma alasiri matumba yakiwa bado yamefumba, yanafunguka usiku, kesho adhuhuri yameshabadilika rangi. Asiyependa kuinama asipande asumini. Wewe umelelewa na bibi wa Pangani, nadhani unajua.

Kwa hiyo uwanja huo ni wa asumini. Lakini ole wako uende kumwambia mumeo kwamba Shangazi kasema. Ukimshinda uwanja huku mbegu za baba yake zikiozea juu ya kabati, hayo maua utayanusa peke yako.

Anza na kuomba radhi kwa lile neno, bila "lakini". Kisha mwambie: "Mbegu za baba zinazeeka. Twende Mkinga Jumamosi, unionyeshe pa kuzipanda." Nina hakika haikatai Mkinga kwa ubovu wa ardhi. Anaikataa kwa sababu ulipoitaja ilisikika kama jalala, mahali pa kutupia kisichofaa mjini. Mkinga korosho inakubali, na ekari moja kwa nafasi ya mita 12 inaingia kama mikorosho 28. Huku uwanjani hata mmoja haukai. Masika yakianza, shimo moja mbegu tatu, upande wa kikonyo, pale korosho iliposhikana na bibo, utazame juu, na baadaye mnabakiza mche wenye nguvu.

Kuna jambo moja huenda hajaliwaza, na umwambie kwa upole. Mbegu haitampa mkorosho wa marehemu. Maua ya mkorosho huchavushwa na wadudu wanaotoka mti huu kwenda ule, kwa hiyo kitakachoota ni mtoto wa mti ule, kama yeye alivyo mtoto wa baba yake. Huenda ukazaa kama baba, huenda usizae kama baba. Akiutaka ule ule, avifuate vikonyo vyake Newala, yaani vitawi vichanga vya mti ule, vibebeshwe, viunganishwe kwenye miche hiyo itakayoota. Kule wanaojua kubebesha ni wengi, kituo cha utafiti cha Naliendele kipo hapo Mtwara, na mche wa kubebesha huwahi kuzaa kuliko wa mbegu. Nawe uende naye. Mavyaa kakuletea mbegu mpaka mlangoni, nenda ukauone huo mti uliouita wa shamba, ukae chini yake.

Shimo la asumini mwombe achimbe yeye. Usimchimbie wala usimsimamie.

Na leo hii, kabla hajarudi kutoka kazini, shusha mbegu kabatini. Zimwage kwenye ndoo ya maji uziache mezani aione. Zinazoelea hazifai kupandwa, zilizozama ndizo za Mkinga. Akiuliza unafanya nini, mpishe kiti mhesabu pamoja.